Kikombe cha Graeme Dirishani

Kazi yetu hapa Auckland ni kuhamisha nyumba. Si vyombo, nyumba yenyewe: tunaiinua kwa jeki, tunaipakia kwenye lori. Mwezi uliopita moja ilitupasukia katikati kama mkate mkavu, na tajiri hakuuma maneno: "Lupe, nyingine ikipasuka, usimamizi basi, na genge lako nalivunja."

Niliumia, maana nilijua kosa liko wapi. Siku ile Mzee Tavita, chifu wa Kisamoa katika genge letu, alisema tuinue. Graeme, mzungu wetu mwenye haraka ya kudumu, akauliza, "Kuna mwenye neno? Hakuna? Haya." Na Iosefo, aliyetambaa chini ya sakafu akaona boriti imeoza, alinyamaza. Ana miaka arobaini na mbili na ndevu za mvi, lakini mjomba wake Tavita akishasema, yeye hana mdomo. Graeme alidhani kimya ni ndiyo. Nami, Mtonga wa visiwa vya Tonga, niliyelelewa vivyo hivyo, sikustuka. Aibu yangu.

Basi asubuhi ya kuhamisha nyumba iliyofuata, ya Bibi Doreen, nikamfuata Mzee pembeni. "Mzee, neno lako ni kifuniko. Naomba leo lije mwisho, chungu kikishajaa."

"Unanizunguka, binti."

"Nakuzunguka, Mzee. Kukukabili ningekosa adabu."

Akacheka mpaka kofia ikamtoka.

Tukaketi kwenye nyasi. Graeme akaanza, kama kawaida yake: jeki nane, saa moja, tumemaliza. Nikamgeukia Iosefo. Akamtazama mjomba wake. Mjomba anafunga kamba za viatu, hana habari. Graeme akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

"Chini ya dohani, hili bomba zito la moshi," Iosefo akasema polepole, "boriti zimeliwa na wadudu. Kisu changu kimezama chote. Tubomoe dohani kwanza, tuongeze jeki nne."

"Mtapoteza siku na bado itapasuka," Graeme akasema. Akaweka kikombe chake cha chai, kimejaa pomoni, kwenye dirisha la jikoni. "Hiki kisipomwagika, nawapikia wiki nzima."

"Wewe upike? Kwa hiyo tukishinda tunaadhibiwa?" nikamuuliza.

Macho yote kwa Mzee. "Mwezi uliopita nilifunika chungu kitupu," akasema. "Mpwa wangu amesema kweli. Tubomoe."

Mpaka alasiri dohani ilikuwa chini. Tukainua kidogo kidogo, Iosefo akiita hesabu, na sote tukimtii, Graeme akiwa wa kwanza. Tajiri alikuja akasimama getini, mikono mfukoni. Sakafu ikapanda hadi kiunoni, ikapita kifua. Hakuna ubao uliolia. Nyumba ikakaa juu ya lori, nzima, na Bibi Doreen akalia kwa furaha.

"Nyumba ya Jumatatu ni yenu," tajiri akasema. Nilitaka kucheza pale pale, na nikacheza.

Nikapanda ngazi, nikateremsha kikombe. Hata tone halikumwagika. Nikampa Mzee, kwa heshima yake. Akakisukuma kwa Iosefo.

"Anza wewe."

Iosefo akanywa, akakunja uso. "Graeme," akasema mbele yetu wote, "chai yako haina sukari."