Ndugu wa Makufuli

Mama Vifungo hakuwa na ndugu hata mmoja katika nyumba ile, lakini kila mwenye nyumba alipokuja kukagua, ukoo ulijaa mpaka uani.

Alikuwa fundi cherehani, mjane, na nyumba ile ya vyumba vitatu aliipanga kwa ajili ya baraza yake. Ilitazama barabara. Mtu akienda sokoni huiona cherehani kabla hajaona nyanya. Sharti la mwenye nyumba lilikuwa moja tu: usimpangishie mtu mwingine. Mama Vifungo aliitikia kwa kichwa. Kisha binti yake akapata nafasi chuo cha uuguzi, na ada haisikii pole. Akajibana chumba kimoja, vile viwili akavipangisha kwa faida. Tena faida hasa, si ya kununulia chumvi. Ndiyo iliyombakiza binti darasani.

Chumba cha kushoto aliingia mlinzi wa ghala, mwanamume mrefu aliyelala mchana. Cha kulia aliingia msusi, msichana asiyekauka maneno. Siku walipohamia, aliwakalisha chini akawagawia ukoo.

"Wewe ni kaka yangu, tumbo moja. Wewe ni mtoto wa dada yangu. Haya, huyu ni nani wako?"

"Mjomba," msusi akasema, kicheko kikimtoka puani.

"Na mjomba huamkiwaje?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," mlinzi akajibu, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Mama Vifungo alipaswa kuuona mwiba ule. Hakuuona, alikuwa na suruali za watu za kupunguza.

Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu, mama wa miwani minene na hatua nzito. Kwa kawaida alipiga simu kabla ya kuja, na simu ile ndiyo iliyowapa nafasi ya kuficha makufuli ya vyumba na kujipanga. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, hakupiga. Walisikia hodi tu.

"Shikamoo, mama! Karibu, karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutazama paa langu. Mwaka jana lilivuja kama chujio."

Akapita moja kwa moja mpaka uani, ambako msusi alikuwa akiosha vitana. Wakati huohuo mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mlinzi alikuwa anatoka kazini, mkate kwapani, macho yamejaa usingizi.

"Mrembo, umeamkaje? Nimekuletea mkate, bado wa moto."

Ndipo alipoiona miwani. Akanyooka kama mbele ya bosi wake.

"Yaani... shikamoo, mpwa wangu!"

Mkunga akaisukuma miwani yake juu ya pua.

"Mjomba anamwamkia mpwa wake," mkunga akasema taratibu. "Tena mpwa mrembo." Akageuka, akaingia ukumbini, akalishika kufuli la mlango wa kushoto, kisha la kulia. Akachungulia bafuni: ndoo tatu, sabuni tatu, kila moja na kisahani chake. "Haya mambo mapya. Tangu lini watu wa tumbo moja wakafichana sabuni?"

Mama Vifungo aliitazama baraza. Aliiona tupu, cherehani imepakiwa kwenye mkokoteni, na binti anarudi nyumbani na sanduku ilhali yuko mwaka wa mwisho. Uongo mwingine ulimjia mdomoni. Akaumeza.

"Mama, ukoo huu nimeushona mwenyewe. Hawa ni wapangaji. Faida nachukua, sikatai, inamsomesha mwanangu. Kosa ni langu, hawa wawili hawana lao."

Aliwapa upenyo wa kuondoka. Wala asingewalaumu, mpangaji ni mpita njia. Lakini msusi aliviweka vitana chini.

"Mama, nilipoumwa tumbo huyu fundi alinibeba mgongoni mpaka zahanati, akakesha kwenye benchi. Ndugu zangu wa damu walinitumia pole kwa simu. Ukimtoa, nami natoka."

"Na mimi," mlinzi akasema. "Paa lenyewe mama, nililiziba mimi siku zangu za mapumziko. Panda utazame."

Mkunga hakupanda. Aliangalia dari kona kwa kona, akaipapasa kwa mpini wa mwavuli wake. Kavu.

"Mficha uchi hazai," akasema mwishowe. "Nimewaambia hivyo wanawake wodini maisha yangu yote, leo namwambia fundi wangu wa nguo. Ungeniomba, je, ningekubali? Pengine nisingekubali. Nina kichwa kigumu mimi. Lakini muuguzi aliyekaribia kumaliza sitamkatia njia. Wakae. Akihitimu, faida yako inakoma, walipe kodi ya haki. Na mtu asiniongopee tena mlangoni kwangu."

Macho ya Mama Vifungo yakashuka mpaka kwenye gauni la mkunga: pindo limefumuka, linaburuta tope. Akachomoa sindano kifuani, akapiga magoti.

"Simama hivyohivyo, mama. Usitikisike."

"Wewe, nitachelewa!"

"Utachelewa kidogo."

Akalishona gauni likiwa mwilini mwa mwenyewe. Kazi aliyoizoea mpaka usingizini leo ilimchukua muda, kwa kuwa uzi ulikuwa ukipotea mbele ya macho yake, naye hakutaka kuyafuta watu wakimwona. Mkono mzito wa mkunga ukamtua kichwani, ukatulia pale.

"Mrembo," mlinzi akaita kutoka uani, kwa sauti ya mtu asiye na mpwa duniani, "mkate unapoa."