Tulivyoshindwa na Wimbo Wetu Wenyewe

Mwigulu aliapa mbele ya mashahidi, mmoja wao mimi, kwamba akishindwa siku ile ya mashindano ya ngoma, gitaa analiweka chini na kuhamia Nyahanga kwa binti yake Martina, akafuge kuku. Ana miaka sabini na mitano. Mimi Masudi, mpiga drams wake, nina sabini na miwili, na sijui kufuga chochote. Akienda Nyahanga, nabaki Ngokolo na drams zangu na majirani wanaozichukia. Hamu yangu ya kushinda ilikuwa kubwa kuliko yake.

Vijana hamtujui. Mwaka 1976 bendi yetu, Ngokolo Moto, ilipiga soul na fanki kuanzia Shinyanga mpaka Geita. Mwigulu alipanda jukwaani na suruali ya bugaluu iliyofagia sakafu, viatu vya raizoni vyenye soli nene, na nywele zilizomlazimu kuinama kila mlango. Akina mama waliacha sufuria motoni kuja kumwona. Wimbo wetu, "Paskalia, Jembe Limekushinda," ulirekodiwa ukapigwa redioni. Baadaye nywele ziliondoka, bendi nayo ikafuata. Tukabaki wawili, tunaalikwa harusini kwa sharti kwamba tusizidishe nyimbo tatu.

Anajiita Baba wa Fanki ya Usukumani. Hakuna mwingine anayemwita hivyo, nami hunyamaza kwa heshima ya urafiki.

Sasa, mashindano ya ngoma kwetu hayana majaji wa kuinua namba. Vikundi viwili vinapangwa kwenye uwanja mmoja, vinapiga kwa wakati mmoja, na watu wanakwenda wanakopenda. Mwenye watu wengi kashinda. Ni kipimo kikatili lakini hakina rushwa. Wapinzani wetu walikuwa wacheza bugobogobo kutoka upande wa Kolandoto, vijana wanaolima kwa ngoma, majembe mikononi, wakiongozwa na manju wao Mbuke, binti mwenye sauti ya kuamsha marehemu.

Tulianza saa nane mchana. Dakika kumi za kwanza tulikuwa na watu arobaini. Wenzetu wakamtoa chatu kwenye gunia, tukabaki na ishirini. Mwigulu akapiga magoti huku anaimba, jambo ambalo daktari alishamkataza, na kuinuka ikawa kazi. Nikaacha drams nikamwinue, na waliobaki wakachukua nafasi hiyo kutuaga. Akabaki Mama Hosiana, muuza karanga, naye alikuwa amesinzia.

Hapo Mwigulu akainua mkono. "Masudi, hebu nyamaza. Sikiliza kule."

Nikasikiliza. Ilikuwa Paskalia. Besi imehamia kwenye ngoma kubwa, tarumbeta zimegeuka filimbi, lakini ni Paskalia yetu tupu.

"Wezi hawa!" Mwigulu akakata uwanja mbio mbio na gitaa lake, na kwa kuwa waya wa gitaa ulikuwa bado umechomekwa kwenye spika, ilibidi nimkimbilie nimebeba spika na betri yake. Nadhani hilo ndilo onyesho letu lililopendwa zaidi siku ile.

Ngoma zikasimama. Mbuke akapiga goti. "Shikamoo guku," akasema, maana kwa Kisukuma babu ni guku.

Mwigulu hakuitikia hata marahaba. "Wimbo huu ni wangu!"

"Haiwezekani, guku. Huu ni wa mababu. Mimi nimeurithi kwa babu yangu."

"Babu yako ana miaka mingapi?"

"Sitini na nane."

"Mdogo wangu huyo!"

Watu wakacheka. Mbuke hakukasirika. "Haya, kama ni wako tuambie. Tukifika ubeti wa tatu, majembe yakiwa juu, ngoma inanyamaza pigo moja. Kwa nini? Alikuja mtafiti, wazee wakamwambia hapo ardhi inapumua. Ameandika kitabu kizima."

Mwigulu akajiweka sawa. Kimya kile ndicho alichojivunia maisha yake yote. Alishawaambia maharusi wasiohesabika kwamba alikibuni mwenyewe, kwamba hapo ndipo ulipo moyo wa fanki. "Pale, binti yangu," akaanza, "mimi nilitaka kwamba..."

Uvumilivu ukanishinda. "Niliangusha kijiti."

Uwanja mzima ukanigeukia.

"Studio, mwaka sabini na sita," nikasema. "Mkono ulikuwa na jasho, kijiti kikanitoka, nikainama kukiokota. Muda wetu ulikuwa umekwisha, ikaachwa hivyo hivyo."

Walicheka mpaka chatu akarudi guniani mwenyewe. Charles, msimamizi wa mashindano, akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba tangu azaliwe hajaona ushindi kamili namna hii: hata wapinzani wamehamia.

Sikucheka. Nilimwona Mwigulu anavua mkanda wa gitaa begani, taratibu, na roho iliniuma. Mtu ana kitu kimoja cha kujivunia duniani, nami nimemnyang'anya mbele ya umati.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Martina aandae banda."

"Lakini guku, umeshindwa na nani?" Mbuke akauliza. "Sisi tumepiga wimbo wako."

"Pale mnaponyamaza si pangu. Ni pa huyu."

Nikaangalia majembe yale. Miaka yote hii watu wamelima, na wakifika ubeti wa tatu wamesimama pigo moja juani kwa sababu ya jasho la kiganja changu. Niliona aibu, kisha fahari, kisha aibu tena. Mbuke akanisogezea ngoma kubwa na vijiti viwili.

Mwigulu akarudisha mkanda begani. Miaka arobaini na minane nimepiga nyuma ya mtu huyu, na siku zote yeye huamuru, mimi hufuata.

"Masudi," akasema, "tuanzie wapi?"

"Pale nilipoangusha."