Betri Nne za Kigari cha Wagonjwa

Sidi ashatoa kiti cha kigari, ashaweka mita ya kupimia umeme chini, na bado hajagusa kitu. Betri nne zimekaa tu pale chini ya kiti, kila moja na jina la rangi nyeupe ubavuni, jina la mtu aliyekufa. Na nyuma yake, hapo nje ya msikiti, watu wamesimama wanataka kujua jambo moja: iliyozima ni ya nani?

"Sema basi, fundi," akasema Sheikhan, mwenye duka la viatu. "Ama mpaka tukuletee chai?"

Jibu Sidi alikuwa nalo tangu juzi, hata kabla ya kufungua. Kusema ndiko kulikomshinda.

Kigari chenyewe ni kile cha umeme cha wacheza gofu. Hoteli moja ilipofunga ikakiuza, kamati ya mtaa ikakichukua kiwe cha wagonjwa. Kwa sababu ambulensi haiingii vichochoro vya Mji wa Kale, husimama kule barabara kubwa, na mgonjwa lazima afikishwe huko. Basi betri zake zilipokufa zote, ikasemwa nyumba yoyote inayotaka ilete betri moja, iwe sadaka kwa niaba ya marehemu wao. Kabla ya Ijumaa zikafika nne. Zote za volti kumi na mbili, sawa, lakini kufanana kukaishia hapo. Mbili za sola, kubwa, huinui bila kuguna. Moja ishatumika miaka miwili kwenye nyumba ya mtu. Na moja ya tuktuk, kitu cha kubeba kwa mkono mmoja.

Hiyo ndogo aliileta Bi Nasiha mwenyewe, kaifunga kwa leso. Mwanawe Fuad alikuwa dereva wa tuktuk. Alipofariki, tuktuk iliuzwa, betri mama akaibakisha, maana kijana alikuwa ameinunua wiki mbili tu kabla ya ajali.

"Itafaa, mwanangu?" alimuuliza Sidi siku ile.

Sasa Sidi si fundi wa kubahatisha. Ni binti mwenye kibanda chake Makadara, kasomea chuo cha ufundi, na hakuna mwanamume mle mjini wa kumfunza kuhusu betri. Alijua haitafaa. Betri zikiungwa moja nyuma ya moja ni kama watu waliofungwa kamba moja. Umeme uleule hupita kwa zote, na ndogo ndiyo huisha mwanzo. Lakini kigari hakijui hilo, kinataka kwenda tu, zile kubwa zinaendelea kusukuma, na ile iliyokwisha inakamuliwa mpaka chini ya sifuri. Siku ya kwanza hutaona. Wiki ya kwanza pia hutaona. Ila mama wa watu alikuwa amesimama mbele yake, anaikunja ile leso polepole, na utamwambia vipi sadaka ya mwanawe haitakiwi?

"Itafaa, mama," akasema. Akaunga.

Mwezi mmoja kigari kikaenda vizuri. Halafu juzi asubuhi wakampandisha Mzee Jamaldin, yule fundi wa kushona kanzu, moyo umemshika. Pale kwenye mwinuko kigari kikapunguza mwendo, kikapunguza tena, kikasimama. Thoya, dereva wake, akakanyaga mpaka akachoka. Vijana wakamtoa mzee, wakambeba juu ya kiti cha plastiki hadi barabarani. Alikata roho ndani ya ambulensi, hospitali hawajaifika.

Sidi akainama, akashika waya za mita. Ya kwanza, kumi na mbili na nukta tano. Ya pili, hivyo hivyo. Ile iliyotumika, kumi na mbili kasoro kidogo. Ya tuktuk, nne.

Sheikhan alikuwa kashamchungulia begani. "Ya Fuad. Si niliwaambia? Fuad kaja kumchukua Mzee Jamaldin."

Mmoja akacheka, akaona hakuna mwenziwe, akanyamaza.

"Komeni," akasema Thoya. "Bi Nasiha mwenyewe tangu juzi hajatoka. Na matanga yako nyumba ya pili kutoka kwake."

Hilo Sidi alikuwa hajui. Akasimama, mita bado mkononi.

"Kwani nani kamwambia ni betri yake?"

"Watu. Wataka majina?"

Sidi akapita katikati yao akaenda zake, kigari akakiacha wazi vilevile.

Kwa Bi Nasiha alipiga hodi mara tatu ndipo akaitikiwa. Alimkuta amekaa kwenye mkeka, buibui yake iko mapajani, imekunjwa. Ni kama mtu aliyetaka kutoka akakosa nguvu.

"Ni ya Fuad?" Bi Nasiha akauliza. Salamu hata hakungoja.

"Ni hiyo iliyozima, ndiyo. Lakini kosa si lake."

"Mzee Jamaldin ndiye aliyemshonea mwanangu kanzu ya Idi, kila mwaka, tangu yuko hivi." Akaonyesha kwa mkono, chini, karibu na mkeka. "Leo nitamtazama vipi Mwanakuu? Nimwambie pole, betri yangu imemuua babako?"

"Mama, nisikize. Betri ya Fuad ilikuwa nzima. Nilijua siku ile haiwezi kukaa na zile nyingine. Zile kubwa ndizo zilizoiua. Ningeirudisha saa ileile. Sikuirudisha."

Bi Nasiha akainua macho.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na mimi nikakuuliza."

"Ukaniuliza. Nikakuonea huruma."

"Nani alikutuma unionee huruma?" Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ndiyo ilimchoma Sidi zaidi. "Ungeniambia haifai ningelia, ningerudi nayo nyumbani. Mimi kulia nimezoea."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni, magurudumu yakigonga mawe.

Bi Nasiha akaikunjua buibui, akaivaa.

"Twende. Utasema wewe. Mbele yao wote."

"Nikisema hawatanipa kazi tena hapa mtaani."

"Huenda," akasema Bi Nasiha, akatafuta viatu.

Nyumba ya matanga ilikuwa imejaa wanawake, wamekaa mikekani mpaka ukumbini. Sidi akavua viatu mlangoni. Walipoingia mazungumzo yakakatika, na macho yote hayakumwendea yeye, yalimwendea Bi Nasiha. Mwanakuu, binti wa marehemu, alikuwa pale ukutani, uso umevimba.

Sidi akapiga magoti mbele yake, akasema. Alieleza kila kitu kwa maneno machache: betri ndogo, betri kubwa, swali aliloulizwa na jibu alilotoa. "Kama babako angepona, hilo sijui. Lakini kigari kilisimama kwa sababu yangu. Si kwa sababu ya Fuad, wala mamake."

Bibi mmoja akasema chini chini, "La ilaha illa Llah."

Mwanakuu aliangalia mikono ya Sidi, ile michirizi ya asidi vidoleni.

"Hapo mlimani alikuwa akiuliza," akasema. "Baba. Akiuliza tumefika? Namwambia bado kidogo." "Nenda, Sidi. Kuja umekuja, nimekusikia. Lakini leo siwezi kukuona."

"Sawa, dada. Poleni."

Sidi akainuka. Alipofika mlangoni akageuka. Mwanakuu alikuwa amejivuta upande mmoja wa mkeka, anapapasa ile nafasi kwa kiganja, na Bi Nasiha anakuja akipita kati ya magoti ya watu, anakwenda kukaa.

Sidi akavaa viatu vyake, akarudi kule msikitini kuzitoa betri zote nne.