Jembe la Mwinjuma

Mwanamkuu wa Mbuchi hakuwa mjinga, na atakayesema alikuwa mjinga aje aniambie mimi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, basi. Na nyoka mwenyewe alikuwa jembe. Mumewe, Mwinjuma, alilinunua mbiombio bila kuligonga, kumbe lina ufa, likampasukia katika shamba la pamba la akida, kule walikolimishwa kwa kiboko. Akida akasema amelivunja kusudi. Akamtia miguu katika mkatale, lile gogo lenye matundu, bomani kwake Kibiti, akatuma neno Mbuchi: jembe jipya lifike kabla ya adhuhuri, ama Mwinjuma atafungwa mnyororo apelekwe Mohoro. Na nani aliyewahi kumwona mtu karudi kutoka mnyororoni?

Ndiyo maana asubuhi ile Mwanamkuu alikuwa dukani kwa Husseini, pale Kibiti, kikapu cha mpunga kichwani, mpini wa mumewe mkononi. Duka lenyewe chumba kimoja cha mbele: makopo ya misumari, kamba, kufuli, majembe yameegemezwa ukutani. Akachagua jembe, akalipachika mpinini, likakaa barabara. Kisha akashika jembe la pili ili agongee lile la kwanza.

"Mama, usigonge!" Husseini aliruka kutoka kitini. "Chukua tu uende zako."

"Nichukue tu? Nisisikie sauti yake?"

"Siku hizi hatugongi chuma."

"Kwani siku hizi chuma kinaumwa?"

"Kuna vita, mama," akasema Husseini kwa kunong'ona, akachungulia nje.

Vita alivijua, nani hakuvijua! Watu wa Matumbi wamekunywa maji ya dawa, ati risasi za Mdachi zigeuke maji. Lakini vita na kugonga jembe wapi na wapi? Jembe zima hulia, lenye ufa hukoroma. Hilo hata mtoto wa Mbuchi analijua. Muuzaji asiyetaka jembe lake ligongwe ana lake jambo. Huyu anataka kuniuzia ufa wa pili, akawaza Mwanamkuu, na ufa huu utanilia mume.

Husseini alipoingia ndani kuupima mpunga wa malipo, Mwanamkuu akaligonga. Ngeee! Sauti safi. Moyo ukamtua. Akagonga tena, kwa raha tu. Akagonga mara ya tatu, kwa uchungu wa akida.

Kule bomani chuma kikaitika: ngee, ngee, ngee. Mwanamkuu akashangaa. Na wao wananunua jembe?

Mlango wa nyuma ukabamizwa. "Bwana Husseini!" akaita. Akaingia ndani: mpunga umemwagika sakafuni, mwenye duka hayupo. Akatoka barazani. Lahaula! Mama mmoja alipita mbio na mtoto kwapani, kofia ya mtu ikabaki njiani, mbuzi wanajikimbilia wenyewe. "Wamefika!" watu wanapiga kelele.

"Kina nani?" Mwanamkuu akauliza. Akamwona akida mwenyewe, kanzu kaishika mkononi, anatimka kuelekea porini.

"Bwana akida! Jembe lako hili hapa!"

Akida aligeuka, akaliona jembe limeinuliwa juu, akapiga yowe na kuongeza mbio. Mwanamkuu akabaki kasimama, mdomo wazi. Mtu anakutumia neno umletee jembe, unamletea, anakimbia! Na adhuhuri hiyo inakuja. Sasa ampe nani?

Akaenda bomani kwa hofu, huku akipiga hodi. Askari hakuna. Mwinjuma peke yake kwenye mkatale, anavuta miguu kwa nguvu zote, jasho linamtoka.

"Mama Tatu! Kimbia! Maji wamekuja!"

"Nimetoka huko, baba Tatu. Sikuona mtu." Machozi yakaanza kumtoka. "Mie sielewi. Nimeleta jembe, hakuna wa kulipokea."

Mwinjuma alilitazama lile jembe. "Uliligonga?"

"Ningeachaje? Mara tatu."

Mwinjuma akaacha kuvuta miguu. Akamwonyesha kipande cha chuma kilichoning'inizwa mlangoni. "Mara tatu ndiyo ishara ya hapa bomani. Atakayewaona Maji agonge mara tatu."

"Na nani aliyewaona?"

"Hakuna aliyewaona, mke wangu. Boma zima limekukimbia wewe."

Mwanamkuu akalitazama jembe, akamtazama mumewe. Akaketi juu ya gogo. Hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili.

"Kicheko baadaye," akasema Mwinjuma. "Gonga kabari hiyo."

Akainuka. Akaipiga kabari ya mkatale kwa kisogo cha jembe hadi ikachomoka, gogo likafunguka. Miguu ya Mwinjuma ilikuwa imevimba. Akamwegemea mkewe upande mmoja, na upande wa pili akaushika mpini wake wa zamani kama mkongojo.

"Na jembe la akida?" akauliza Mwanamkuu, kwani bado kichwa kilikuwa kinamzunguka. "Tumwachie?"

"Mpunga ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Basi na jembe ni lako. Twende."