Kumi, Kula Tatu

Vifungo vilikuwa sitini nilipovigawa, na nilipopita mezani kuvihesabu tena vilikuwa hamsini na tisa. Nilihesabu mara ya pili nikapata hamsini na tisa ileile.

Kwanza nilikasirika tu, maana hasira zangu ziko karibu. "Nani kanifichia kifungo? Hamtoki kwenda kucheza mpaka kionekane!" Meza ya mbele, yenye watoto sita, ilitazamana. Kengele ya mapumziko ilikuwa imeshalia na darasa lote lililobaki lilikuwa uwanjani.

Niseme kwanza jinsi ninavyofundisha, maana balaa lilitoka humo. Watoto wa darasa la kwanza hawalijui neno kutoa kama sisi wakubwa tunavyolijua. Ukiwaambia "saba, toa mbili," wanainama kwenye mikoba wanatoa daftari mbili. Nilihangaika nao muhula mzima, kisha nikabuni kula. Kila mtoto ana vitu kumi mezani na kikombe cha plastiki tunachokiita tumbo. Nikisema, "Kumi, kula tatu!" anachukua kimoja, anakipeleka mdomoni, anasema nyam, anakidondosha tumboni. Akifika cha tatu anahesabu vilivyobaki mezani. Kujumlisha ni kutapika: vya tumboni vinarudi mezani, na hapo vicheko vinasikika mpaka ofisini. Anayepata namchorea alama ya vema kwenye kiganja kwa kalamu nyekundu, na wapo wasiotaka kunawa mpaka kesho yake. Mkaguzi alinisifu mbele ya wenzangu. Watoto wakaniita Mwalimu Kula, na kichwa kikanivimba.

Siku hiyo vizibo vya soda havikutosha. Nilikuwa nimemwomba fundi saa, ambaye kibanda chake kinatazamana na geti la shule, anipe vifungo vya mkewe mshonaji. Mtoto wao akaja na kopo. Ndani mlikuwa na viduara vya chuma vinavyong'aa, vizuri kweli, nikavipeleka meza ya mbele.

Basi nikapekua. Kikombe baada ya kikombe, kumi, kumi, kumi, mpaka nikafika kwa Chiriku. Wenzake walimwita hivyo kwa utani, kwa sababu hasemi. Alikuwa na wiki mbili tu shuleni, analelewa na bibi yake, na sikuwahi kumsikia akijibu hesabu hata moja. Mezani pake palikuwa na saba. Tumboni mlikuwa na viwili, na vyote viwili vilikuwa vimelowa.

Nilidhani ni jasho la mikono.

Hapo fundi saa akaingia bila hodi, miwani yake ya kazi bado iko kwenye paji la uso. "Mwalimu, lile kopo umeshaligawa?"

"Nimegawa na nimehesabu. Kimoja kimepotea. Na vifungo vyenyewe vya ajabu, havina hata tundu."

"Hivyo si vifungo. Ni betri za saa. Mtoto kabeba kopo langu, kaacha la mama yake."

"Si zimekufa lakini?"

"Kwa saa zimekufa. Kwenye koo la mtoto zinachoma. Hiyo moja iko wapi?"

Kifungo kisicho na tundu! Mimi niliyeshona vifungo tangu nikiwa mdogo nilivihesabu mpaka sitini na sikuvitazama. Niligeukia watoto nikauliza kwa sauti ambayo sikuitambua, "Nani amekula?"

Vidole sita vikaenda juu. "Sote tumekula, mwalimu!"

"Namaanisha kula kweli. Kumeza."

"Mimi nimekula kweli," akasema mmoja kwa furaha. "Na mimi!" akasema mwingine. "Mimi nimekula tatu nikashiba!" Walikuwa wanacheza mchezo wangu, wananipa jibu lilelile nililowapongeza kwalo miezi yote hii, na mimi nilitaka kupiga kelele. Chiriku peke yake hakusema kitu. Alikuwa amefunga mdomo, na mate yalimchuruzika mpaka kwenye kola.

Tulitazama chini ya meza, mifukoni, ndani ya soksi. Hakuna. Fundi alinishika mkono. "Tusipoteze muda. Usimpe maji, usimpe chochote."

Mwenzangu wa darasa la pili nilimwachia watoto na nikamwomba atume mtu kwa bibi. Fundi aliendesha pikipiki, mimi nyuma, Chiriku katikati yetu. Nilimkumbatia kifua chake kwa mkono mmoja na kila alipomeza mate nilihisi anajikunyata. Nilikuwa nahesabu. Somo lilianza saa tatu, mchezo wa kula saa tatu na nusu, na sasa ilikuwa inakaribia saa tano. Maisha yangu yote hesabu ilinituliza, ila siku ile kila nilichojumlisha kiliniongezea hofu.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. "Ngapi?" aliuliza.

"Moja, nadhani."

"Unadhani?"

Sikuwa na uhakika tena. Huenda tangu mwanzo hazikuwa sitini. Huenda nilimgawia kumi na moja. Daktari akasema picha itatuonyesha, ila aliye mbele yetu kwenye mashine kavunjika nyonga na hajamalizwa. Ikiwa imekwama kooni, akasema, ndani ya saa mbili inaweza kutoboa. Aliyasema mbele ya mtoto, nami nikamchukia kwa hilo, ingawa aliyestahili kuchukiwa alikuwa amesimama na chaki kwenye vidole.

Nilipiga magoti mbele ya Chiriku. "Mwanangu, sikugombezi. Niambie tu."

Alinitazama. Kisha akanyanyua vidole vitatu, kama ninavyowafundisha, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake, imekwaruzika.

"Nilikula vitatu. Viwili nikatema. Kimebaki kimoja."

Daktari akaandika.

Picha ilionyesha kimoja, kiduara cheupe katikati ya koo. Walimchukua kwenye kiti cha magurudumu na mlango ukafungwa. Bibi yake alifika akihema, kiatu kimoja kimekatika kamba amekishika mkononi. Nilimweleza yote bila kujificha, nikangoja anipige. Angenipiga ningeshukuru. Yeye alikaa kwenye benchi.

"Nilimwambia mimi," alisema polepole. "Siku ya kwanza. Nilimwambia, mwalimu akisema, fanya. Usiulize ulize."

Fundi alisimama ukutani akikunja na kukunjua kitambaa chake cha kufutia saa. Nilisikia kila mlango uliofunguka ndani ya jengo lile.

Waliitoa. Daktari alinionyesha ndani ya kichupa: kile chuma kilichokuwa kinang'aa asubuhi kilikuwa cheusi upande mmoja. Koo limeungua, akasema. Halijatoboka leo, lakini kidonda cha namna hii huweza kutoboka hata baada ya siku kadhaa, kwa hiyo atalazwa, na tutajua taratibu. Nilimwuliza tutajua lini. Hakunipa siku.

Walituruhusu kuingia jioni. Chiriku alikuwa macho, mkono mmoja una sindano ya dripu. Bibi alimpapasa nywele. Mimi nilisimama mlangoni, sina uso wa kusogea, mpaka mtoto mwenyewe akanitafuta kwa macho.

"Mwalimu," alisema, na sauti ilikuwa ndogo mno ikabidi niiname. "Nimepata?"

Nilitaka kumwambia kwamba aliyekosa ni mimi. Lakini alikuwa ameshafungua kiganja cha mkono usio na sindano, ananisubiri, na kalamu nyekundu ilikuwa bado mfukoni mwangu. Nilimchorea alama ya vema. Ilitoka imepinda, naye akakifunga kiganja upesi, isije ikafutika.