Simu Mpya ya Mwalimu Modesta

Tangu simu yake ilipotumbukia kwenye jaruba la mpunga la shangazi yake kule Magu, Modesta hakuwahi kumaliza wiki tatu bila kwenda Kirumba kwa fundi Machibya. Shangazi alikuwa amesikia kwamba simu iliyolowa hufukiwa kwenye mchele ili mchele unyonye maji. Siku hiyo walikuwa wanavuna na mchele haukuwepo, kwa hiyo akaifukia kwenye gunia la mpunga. Ilitoka imekauka vizuri, ila tundu la chaji lilikuwa limejaa makapi.

"Dada," Machibya alimuuliza huku akiyachokoa kwa sindano, "hii simu uliilisha au uliipanda?"

Modesta alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa mwalimu wa chekechea huko Ilemela, na sauti yake ilizoea watoto tu. Wazazi wao wakija kumuuliza jambo, ilimkauka. Mbele ya meza ile ndogo iliyojaa bisibisi na betri zilizovimba, ilitoka yenyewe.

Baada ya chaji iliharibika spika. Baada ya spika, betri. Siku moja, Mungu amsamehe, aliiacha dirishani juani saa nzima ili apate kusema kwamba inapata moto. Machibya aliifungua, akaipuliza, akaifunga.

"Usidanganyike na hizi mpya, mwalimu," alimwambia. "Zamani ukibadilisha simu unahisi umehama nyumba. Siku hizi wanakuongezea jicho moja la kamera nyuma, basi. Hii tukiitunza itafika mbali."

Alisema *tukiitunza*. Modesta alitembea na neno hilo hadi nyumbani, na usiku akalala nalo.

Dada yake, Queen, ndiye aliyeharibu mambo. Alikuja Jumamosi na simu mpya mkononi, na ile yake ya mwaka jana akamwekea Modesta mezani.

"Chukua, mdogo wangu. Nimechoka kuongea na mtu anayekatika katikati kama redio yenye betri zilizokwisha."

"Yangu bado nzima, dada."

"Nzima? Hiyo ni mgonjwa wa kudumu. Kila mwezi kliniki!"

"Hizi mpya hazina jipya. Wanaongeza jicho moja la kamera tu."

Queen alimkazia macho. "Hayo maneno si yako. Wewe kamera unaijua? Nani kakufundisha?"

Modesta aliinama akaanza kukunja kitambaa cha meza ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

"Haya," Queen alisema, na sauti yake ikashuka kidogo. "Twende kwa huyo fundi wako atuamulie. Akisema ya zamani inatosha, nitanyamaza."

Njia nzima Modesta aliomba kimoyomoyo aseme inatosha. Hakuwa na sababu nyingine ya kusimama mbele ya meza ile. Hata namba yake hakuwa nayo. Angeiombea nini, na wao walionana kila mara?

Machibya alizipokea simu zote mbili. Aliiwasha ya zamani, akagusa hapa na pale, akakaa nayo muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Sema kweli, fundi," Queen alimhimiza. "Usimwonee huruma."

"Kweli ni kwamba hata ningekuwa nauza simu mpya, nisingemshauri anunue," alisema taratibu. "Lakini hii hapa imeletwa bure, na betri yake bado ina nguvu. Ya mwalimu haipokei tena masasisho. Mwezi ujao au unaofuata hata WhatsApp itamkatalia, na wazazi wa watoto watamtafuta wasimpate." Hakumwangalia Modesta. "Achukue."

"Umeona?" alisema Queen.

Modesta aliona. Aliona vidole vya Machibya vikihamisha picha za watoto, majina, ujumbe wa shangazi, kitu kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu uleule wa siku zote. Alitamani kitu kimoja kigome kuhama. Vyote vilihama.

"Tayari, mwalimu. Sasa utapumzika na safari za huku."

"Asante," alisema Modesta. Sauti ilikuwa imekauka.

Simu ile ilifanya kazi kwa namna ya kuudhi. Chaji ilikaa kutwa. Wazazi walimpata mara ya kwanza tu walipopiga. Zilipita wiki tatu, ikaja ya nne, na kila jioni shule ikifungwa miguu yake ilianza kushika njia ya Kirumba kabla hajairudisha. Aliiweka simu dirishani juani, kisha akaona aibu, akaitoa. Simu haikuwa na kosa.

Ijumaa ya wiki ya tano hakuirudisha miguu.

Machibya aliinua kichwa kutoka kwenye kioo alichokuwa anakibandika. Nyuma ya Modesta alikuwa amefika mama mmoja mwenye kapu la samaki.

"Mwalimu! Imefanyaje tena?"

"Haijafanya kitu."

"Chaji?"

"Inakaa."

"Spika?"

"Inasikika vizuri." Alimpa ile simu, kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. "Haina tatizo lolote, Machibya."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Fundi aliishika simu bila kuiwasha.

"Mwanangu," yule mama alimgusa bega, "kama yako ni nzima tupishe sisi wenye shida."

Modesta aligeuka. Mashavu yalikuwa yanamwaka moto, lakini miguu haikusogea.

"Shikamoo, mama," alisema. "Na mimi nina shida."