Tabaka Linalolala Jumamosi

Linet alikuwa amechoka uchovu ule usioponywa na usingizi. Wenzake wawili walihamishiwa Nairobi, hakuna aliyeletwa mahali pao, na sasa minara ya simu ya Kisii na Nyamira yote ilimtegemea yeye, kwenye kiti kilichobonyea katika ofisi ya Kisii mjini.

Mnara wa Magwagwa, nyumbani kwao, ndio uliokuwa haumsumbui Jumamosi. Ulikuwa na matabaka mawili ya mawimbi. La chini lilifika mbali, hadi bondeni kwa kabambe, simu ndogo ya vitufe, ya mama yake, Persis, lakini lilibeba watu wachache. La juu lilibeba umati, ila halikuvuka hata kilima cha kwanza. Wakubwa walipodai matumizi ya umeme yapunguzwe, Linet aliamuru la juu lilale kila Jumamosi. Nani apige simu siku ya Sabato? Kwao simu zilizimwa Ijumaa jua likitua. Mama yake, tangu moyo uanze kumsumbua, alikuwa amemwambia neno moja tu: akiona simu yake siku ya Sabato asiulize, aje.

Asubuhi hiyo Ratemo, fundi wa minara, alipiga kusema watu wa Magwagwa wanalalamika. Linet akamjibu kwamba Magwagwa wako kanisani, akashughulikia mnara wa Suneka kwanza. Adhuhuri Ratemo akapiga tena.

"Madam, si wote ni Wasabato. Wakatoliki wanazika mwalimu hapa, na kila mtu anawaonyesha jamaa zake walio Amerika mazishi kwa video. Hakuna simu inapita."

Linet akatazama kompyuta. Tabaka la chini lilikuwa limejaa pomoni. Mazoea yana taabu: alizaliwa pale, akadhani kila nyumba ya Magwagwa ni ya mama yake. Aliliamsha tabaka la juu, akausukumia huko umati wa mazishini, video na vyote, na la chini likapata nafasi. Alifurahi kidogo, kama mtu aliyetua mzigo mmoja akabaki na tisa.

Hata chai yake iliyopoa hajaigusa, simu yake ikaita. Ni Mama. Siku ya Sabato.

"Nimekupigia tangu saa ya lesoni ya Sabato asubuhi," Persis alisema kwa Ekegusii, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili. "Hukupatikana. Nikafurahi, mwanangu. Nikasema, leo Linet amezima simu. Leo ameenda kanisani."

Linet aliinuka kitini. Alisema anakuja. Kwa simu ya mezani alimwomba Ratemo ashuke bondeni na gari upesi, kisha akaiacha minara yote ijiangalie, akateremka ngazi huku simu iko sikioni. Mama yake alikuwa angali anaongea, polepole, akimshukuru Mungu kwa ibada ambayo Linet hakuhudhuria.